Mama wa Msitu Yuko Uani kwa Fundi Cherehani

Jua halijachomoza, lakini ufagio umeshaamka. Shwaa, shwaa, unakokota majani, kokwa na matunda yaliyopasuka katika uwanja wa nyumba moja pembezoni mwa mji, kwenye mtaa wa magereji na viduka. Anayefagia si mtumishi wa nyumba hiyo, wala si mkwe anayejipendekeza. Ni mtaalamu wa mimea, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwenye shahada ya uzamivu na wanafunzi ambao baadhi yao sasa ni maprofesa. Amekunja suruali mpaka magotini na jasho limeshaanza kumtoka.

"Pembe ile umeiruka, Daktari," sauti inatoka dirishani.

"Sijairuka, mama. Naielekea."

"Unaielekea tangu jana."

Mwenye sauti ndiye mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini hivi, fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna nguo inayotoka mkononi mwake bila pindo kukunjwa mara mbili, hata mteja awe anakimbilia basi. Anatokea mlangoni na vikombe viwili vya chai, anaukagua uwanja kama bwana afya, kisha anaguna. Waliomzoea wanajua kuwa guno hilo ndiyo pongezi.

Juu ya vichwa vyao umesimama mti. Ni mnene hasa. Watu watatu wakishikana mikono ndipo watauzunguka. Jina lake la vitabuni ni refu na halitusaidii hapa. Mtaani unaitwa mti wa hondohondo, kwa ajili ya wale ndege wakubwa wenye midomo mizito iliyopinda, ambao msimu wa matunda huushukia kila asubuhi kwa kelele ambazo hazimwachi mtu alale. Matunda yenyewe yana rangi ya zambarau iliyokolea, na yakigusa kitu, kitu hicho kimekwisha.

Daktari ameufagilia mti huu kwa misimu mitatu. Hilo ndilo sharti alilokubali ili usikatwe, na ukimuuliza kama halioni ni sharti zito kwa mtu wa elimu yake, anakucheka. "Nimepata kwa bei ya kutupa," anasema.

Lakini asubuhi hii anafagia huku jicho moja liko kwenye kamba. Uani kumepigwa vigingi, na kamba imezungushwa kuonyesha vyumba viwili vitakavyojengwa. Kigingi kimoja kimepigwa katikati ya mizizi. Fundi mwashi anakuja leo kupima msingi, na akishapima ataitwa mtu wa msumeno.

"Huu ukianguka," Daktari anasema, na sauti yake inashuka, "msitu ule mzima utabaki na akina baba watupu."

Kila aliyewahi kupanda mipapai anamwelewa. Kuna ule mpapai dume: unaumwagilia, unausubiri, unaubembeleza, nao unakutolea maua mpaka basi, papai hakuna. Miti ya aina hii iko vivyo hivyo, mmoja dume, mwingine jike. Katika msitu wa hifadhi ulio nyuma ya mji, ambako Daktari amefanya utafiti kwa zaidi ya miaka ishirini, ameshaikagua miti mikubwa ya aina hii yote aliyoweza kuifikia. Yote dume. Jike pekee alilolipata limesimama hapa, kati ya kamba ya nguo na choo cha nje.

Daktari alizaliwa kwa seremala, na utoto wake ulinukia maranda. Baba alikuwa akimfumba macho kwa kiganja, anamnusisha kipande cha mbao, naye anataja mti. Alipofaulu kwenda chuo kikuu akachagua mimea, shangazi zake walikuja juu: msichana na msitu wapi na wapi? Baba aliwasikiliza mpaka wakachoka wenyewe.

"Kisha akawaambia, 'Mimi nimekula kwa miti maisha yangu yote. Mwacheni mmoja wetu akaitazame ikiwa hai.' Namshukuru mzee yule mpaka kesho," anasema Daktari. "Angeweza kukaa kimya. Wengi hukaa kimya."

Ukikaa naye, neno asante utalisikia mara nyingi kuliko majina ya kisayansi. Anamshukuru baba, anamshukuru mumewe, anawashukuru waliomshikia kamba alipopanda miti. Hata hondohondo anawashukuru. "Wale ndio wakulima wangu," anasema. "Wanapanda msitu mwaka mzima na hawajawahi kuniomba likizo."

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa mbali, haina maajabu. Ni kuuzungushia mti tepu, kusoma umenenepa kiasi gani tangu mwaka jana, kuutia alama ya rangi na kwenda kwa mwingine. Ni kupiga magoti kwenye matope kuangalia kama mche wenye majani mawili bado uko hai. Ni ruba, mvua na viatu visivyokauka. Swali lake kubwa ni moja: mti ukimwaga mbegu chungu nzima, ni zipi zinazokua, zinakulia wapi, na kwa nini zile nyingine zinakufa?

Mtaani kwao jina la Daktari limemletea visa. Kuna jirani aliyemgongea mlango akiwa na mkono uliovimba. "Nikamwambia, ndugu yangu, mimi ni daktari wa miti. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, 'Haya, basi niandikie hata ya majani.'"

Kisa cha mti wa Mama Pindo kinaanzia kwenye kosa, na aliyelifanya ndiye anayelisimulia kwa raha kuliko wote.

Msituni kuna mti mmoja mkubwa wa aina hii ambao chini yake miche huota kwa wingi kuliko popote pengine. Daktari aliupaka namba, akatandaza nyavu chini yake za kukingia mbegu, na katika ripoti zake akauita mti mama. Wenzake kwenye kituo cha utafiti wakauzoea kwa jina hilo: leo tunapita kwa Mama, hebu tuone Mama kaangusha nini. Na kila msimu nyavu zilijaa kokwa. Nani angeuliza zaidi?

"Kulikuwa na kitu kinanikodolea macho," anasema. "Kokwa zote zilikuwa safi, kana kwamba zimeoshwa. Sikuwahi kuokota tunda zima, lenye nyama na kikonyo chake. Nikajipa jibu kwamba wanyama wanakula nyama kule juu, halafu wanaangusha kokwa. Jibu zuri kabisa! Nikalilalia usingizi miaka sita."

Kuupanda mti ule haikuwezekana, maana tawi lake la kwanza liko juu mno na kituo hakikuwa na vifaa. Vilipopatikana, yaani kamba, mikanda na kofia ngumu, Daktari alikuwa ameshavuka miaka hamsini. Akapanda hivyo hivyo. Chini alibaki mshika kamba, mfanyakazi mwenzake wa siku nyingi, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kuwa aliyepanda anashuka mzima. Ulikuwa msimu wa maua. Daktari alichuma ua, akaliweka chini ya kioo cha kukuzia. Chavua tupu. Akachuma la pili, la tatu, akahamia tawi jingine. Chavua tupu.

"Nikasikia kicheko huko juu," anakumbuka mshika kamba. "Nikadhani siafu wamemwingia. Kisha akapiga ukelele: 'Mama ni baba!' Nikamuuliza, mama wa nani? Akazidi kucheka. Mimi nikaikaza kamba, maana mtu anayecheka namna ile anaweza kusahau yuko wapi."

Hakikuwa kicheko cha raha peke yake. Daktari anasema alipogusa ardhi aliketi juu ya zile nyavu zake. Ripoti za miaka sita zilikuwa zinamsifu mama asiyezaa. Mbegu zilitoka kwingine. Hondohondo walikuwa wanakula matunda mahali pengine, wanakuja kupumzika kwenye mti huu, na hapo ndipo wanapozitema kokwa, kwa sababu ndege hawa humeza tunda zima, na nyama ikishayeyuka tumboni huirudisha kokwa kwa mdomo. Ndiyo maana zilikuwa safi vile.

Alilitangaza kosa lake mbele ya wenzake. Wakamcheka, akacheka nao, akaandika upya. Ila swali likabaki pale pale: kama Mama ni baba, mama yuko wapi?

Walizunguka msitu msimu mzima. Dume, dume, dume. Mwishowe Daktari akaona awaulize ndege wenyewe.

Mumewe ni fundi redio mwenye pikipiki kuukuu. Matunda yalipoiva, asubuhi hondohondo wakiondoka msituni, wawili hao wakawa wanawafuata, mume akiendesha na mke kakaa nyuma, darubini machoni, uso juu. "Yeye ananiambia kushoto, barabara inakwenda kulia," mume anasema huku akitikisa kichwa. "Tumewahi kuingia katikati ya uwanja wa shule, watoto wamejipanga mistari. Mwalimu akaniuliza tunatafuta nini. Nikamwambia muulize huyu wa nyuma, mimi naendesha tu."

Walipotezana na ndege mara nyingi, wakarudi nyumbani na vumbi lao. Mpaka asubuhi moja ndege wakashuka na hawakuinuka tena. Walikuwa wametua kwa Mama Pindo.

"Hodi," Daktari akabisha getini.

"Karibu. Kama ni mashono, nimejaa mpaka mwezi ujao."

"Si mashono, mama. Nimekuja kuuona mti wako."

"Basi uone upesi. Jumamosi unakatwa."

Mama Pindo alikuwa na sababu, tusimwonee. Mti ule aliukuta, umebaki tangu zamani msitu ulipofika mpaka hapa kabla nyumba hazijausogeza. Marehemu mumewe alisema watautoa wakipata nguvu. Nguvu zikaja, akasahau. Mwaka ule gauni jeupe la bi harusi, kazi ya macho na mgongo, lilikuwa limetundikwa nje linamsubiri mwenyewe. Tunda moja tu likaanguka, likatua kifuani. "Doa likatambaa hivi hivi naliona," anasema. "Nikashona jingine bila kupumzika, na harusi ikafanyika. Lakini niliapa. Nikasema, mimi na mti huu, mmoja ahame."

Daktari hakumhubiria. Aliomba ruhusa ya kupanda juu ya tangi la maji ayaone matawi kwa karibu, akapewa. Aliteremka na tunda zima mkononi, lenye nyama na kikonyo, na machozi yanamtiririka.

"Nimeona watu wakililia watu, na wakililia mali," anasema Mama Pindo. "Lakini mtu anayelilia tunda lililonitia hasara, huyo ndiye wa kwanza. Nikampa kiti."

Wakaanza kupatana papo hapo. Daktari aliomba msimu mmoja. Mama Pindo akauliza uchafu utafagiwa na nani. "Mimi," akajibu. Na mfereji wa bati ukiziba? "Mimi." Na nguo za watu je?

Hilo la nguo lilimkosesha jibu siku ile. Kesho yake alirudi na zile nyavu alizokuwa amezitandaza kwa miaka sita chini ya mti usiozaa, akazitungika juu ya kamba ya nguo. Tangu hapo hakuna nguo iliyopata doa, na matunda yanaangukia pale pale mtafiti anapoyataka. Msimu mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitatu.

"Na nitasema ukweli," anasema Mama Pindo, macho yake yakiwa kwenye kikombe. "Tangu mume wangu afariki, alfajiri nilikuwa naamka nasikiliza bomba linavyodondoka. Sasa nasikia ufagio. Hafagii vizuri, huyu. Lakini nasikia mtu."

Mwaka jana Daktari alimpeleka msituni. Mama huyu amekaa miaka yote hiyo anauona msitu kutoka barazani na hakuwahi kuukanyaga. Daktari alimwonyesha miche, mingine imeshamfikia begani, akamwambia kwamba yote aliyoipima vinasaba hadi sasa imetoka uani kwake. Mama Pindo akaigusa mmoja mmoja, akiyanyoosha majani kama anayeweka sawa kola ya mtoto.

"Kumbe nina ukoo mkubwa hivi," akasema, "na hakuna hata mmoja anayekuja kunisalimia!"

Sasa fundi mwashi ameshafika, na tepu yake kiunoni. Kutoka ndani anatoka mtoto wa Mama Pindo, dereva wa lori, mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Mwaka huu alirudi kwa mama yake na mke na watoto watatu, baada ya nyumba waliyokuwa wamepanga kuuzwa. Wanalala sebuleni. Magodoro yanatandikwa jioni na kukunjwa asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia. Vyumba vile viwili vilivyochorwa kwa kamba ni vya kwake.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Salama tu. Daktari, mimi sina ugomvi na mti. Nina ugomvi na sebule. Binti yangu mkubwa anavaa sare ya shule amejibanza nyuma ya mlango. Nifanyeje?"

"Ungekuwa mwanangu wa kumzaa, ningetaka useme hivyo hivyo," Daktari anamwambia. "Mtoto kwanza. Mimi niliomba msimu mmoja, mama yako akanipa mitatu, na nashukuru kwa moyo wote. Mkikata, ninalo ombi moja tu: mningoje niyakusanye matunda yaliyobaki."

Mikono yake imeushika ufagio kwa nguvu. Mwashi anazunguka shina, anapiga teke mzizi mmoja, anachutama. "Hapa hakuna kukata nusu," anasema. "Ukiugusa mzizi huu, mti utakuja juu ya nyumba. Ni wote ama basi."

Mama Pindo anaweka kikombe chini.

"Chumba changu cha kushonea kinaingia vitanda vingapi?" anamuuliza mwanawe.

"Mama, pale ndipo unapopatia riziki."

"Nimekuuliza vitanda."

"Vitatu hivi. Ukikigawa kwa ukuta mwembamba, watoto wanakuwa huku na sisi huku."

"Basi kigawe. Nawe fundi, ng'oa vigingi vyako. Utanijengea kibanda hapa uani, nguzo nne na bati, upande usio na mizizi. Cherehani yangu itakaa hapo."

"Wewe ushone nje, mama? Chini ya mti huu huu? Si uliapa?"

"Niliapa mmoja ahame," anasema Mama Pindo. "Nahama mimi."

Daktari anamshika mama wa watu mkono kwa mikono yake miwili, na analia waziwazi, bila kuficha uso. Anasema asante, anairudia, anairudia tena.

"Nishukuru kwa kunyamaza," Mama Pindo anamwambia. "Ukiendelea nitalia na mimi, na nina kola za kukata asubuhi hii."

Dereva ametazama pembeni. Kisha anainama, anakishika kile kigingi cha katikati ya mizizi, anakichezesha huku na huku mpaka kinatoka.

Daktari anajua kwamba alichopewa leo ni muda. Mti ni mzee. Upande mmoja wa shina umeanza kuoza ndani, ukiugonga unaitikia kama debe. Naye miaka michache ijayo anastaafu. Kwa hiyo kwenye kitalu cha kituo ameshaotesha miche kutokana na matunda ya hapa, na mvua zijazo itaanza kutoka, mingine ikapandwe msituni karibu na yale madume, mingine kwenye nyua za watu watakaokubali. Anataka miche mingi, kwa sababu mti huu hautoboi siri kama ni dume au jike mpaka uchanue, na kuchanua kunaweza kuchukua miaka ishirini na tano au zaidi.

"Hesabu mwenyewe nitakuwa na umri gani," anasema, na anacheka. "Nikijaliwa."

Dereva amesimama bado na kigingi mkononi. Anauliza kama na yeye anaweza kupata mche mmoja, aupande nyuma ya nyumba, mbali na ukuta.

"Utapata hata miwili," Daktari anamjibu.

"Na nitajuaje kama ni jike?"

"Subiri uchanue. Wakati huo utakuwa mtu mzima kama mimi. Chuma ua, lipasue kwa kucha. La dume lina unga wa njano tu. La jike lina kitu kidogo cha kijani katikati, kama kichwa cha kiberiti."

"Kama kichwa cha kiberiti."

"Katikati."

"Katikati," dereva anarudia polepole, kama mtu anayeelekezwa njia ambayo hajawahi kuipita. "Na nikikiona?"

"Njoo uniambie."

"Wakati huo nitakupata wapi, Daktari?"

"Utauliza watu," Daktari anasema. "Hata wakikuonyesha kaburi, nipitie uniambie."

"Nitapita," anasema dereva.